Mama Chumvi Ataka Kuuona Utumbo Wake

Mama mkwe wangu simpendi, na kuumwa kwake hakukunifanya nimpende. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akayatafuta machozi yangu humu ndani akayakosa. Ila kumjua namjua, pengine kuliko hata binti yake wa kumzaa, kwa kuwa miaka yote niliyokaa naye nyumba moja nililazimika kumchunguza kama mtu anavyomchunguza mbwa wa jirani kabla ya kupita.

Kazi yake ni kuosha matumbo. Nyuma ya machinjio kuna banda la bati lenye meza ndefu za saruji, mfereji katikati na mabomba ya maji ukutani, na hapo ndipo wanawake wa kazi hiyo hukaa wakisubiri ng'ombe wapasuliwe. Matumbo huletwa kwa toroli yakiwa bado na joto. Wao huyachambua, huyakamua uchafu, huyageuza ndani nje kwa kijiti, huyasugua kwa chumvi ya mawe, huyasuuza, kisha huwauzia wenye mabucha na wauza supu. Wengine hupitisha maji mara moja wakapeleka sokoni. Yeye husugua mpaka utumbo ulie ukivutwa kati ya vidole, na chumvi anayoitumia kwa siku ingetosha kuharibu kisima. Wakamwita Mama Chumvi. Wanaomfahamu vizuri husema jina lilitokana na ulimi wake, chumvi ilisingiziwa tu.

Alianza kazi hiyo mumewe alipomkimbia akamwachia watoto wawili wadogo, wa kike na wa kiume. Hakwenda kulia kwa ndugu wala kwa jirani. Aliingia bandani; siku ya kwanza akatapika, siku ya pili akatapika, ya tatu akamtukana mwanamke aliyekuwa akimcheka, na tangu hapo pale ni kwake. Watoto walisoma kwa matumbo, wakavaa kwa matumbo, na nyumba tuliyokuwa tukiishi ilipandishwa ukuta baada ya ukuta kwa matumbo. Hilo simnyang'anyi. Mwanamke yule ni chuma.

Ubaya ni kwamba kazi ilimfundisha jambo moja akaliamini kupita kiasi. Ndani ya matumbo ya ng'ombe aliwahi kukuta mifuko ya plastiki iliyosokotana, misumari, kamba za viatu, kijiko, na mara moja ufunguo wa kufuli, ambao aliutundika bandani ili mwenyewe aufuate. Kila ng'ombe aliyekonda bila sababu, sababu yake aliikuta mle. "Utumbo hauoni haya," alizoea kusema. "Ukimeza kitu, utakisema tu." Kwa hiyo, kwake yeye hapakuwa na kitu kinachoitwa ugonjwa wa tumbo. Palikuwa na kitu kilicholiwa, na mkono uliokiweka.

Na katika nyumba ile, mkono uliokuwa ukipika ulikuwa wangu.

Mimi ni msusi. Nina kiti changu saluni, na wateja wangu hawalalamiki ila nikivuta sana. Nilipoolewa na mwanawe, ambaye ni fundi wa majokofu, mama alinipokea mlangoni, akaishika mikono yangu akaigeuza huku na huku kama anayekagua bidhaa. "Mikono ya mafuta ya nywele hii," akasema. "Itapika nini?" Wageni wakacheka, nami nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Kuanzia siku hiyo wali umelowa, chai imepoa, mchuzi una unywele. Unywele wenyewe haukuwahi kupatikana, lakini hapana mgeni ambaye hakusimuliwa. Nami si mtu wa kumeza. Akinirushia moja namrudishia mbili. Jirani zetu hawakuwa na haja ya redio.

Ugonjwa ulimwanza kwa maumivu upande wa kushoto, chini ya kitovu. Baadaye akawa anakimbilia choo kila mara na kurudi bila kitu, au anatoa makamasi yenye damu. Nguo zikaanza kumpwaya. Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo mbili bila kupumzika akawa anabeba moja kwa kuiegemeza kiunoni. Alificha alivyoweza, na alipoona hafichiki tena, akatafuta mwenye kosa. Hakwenda mbali.

Tulikuwa mezani, mchana, sote wanne: yeye, mume wangu, mimi, na wifi yangu, dada yake mume wangu, aliyekuja kumtazama mama yake. Mama akaonja, akaisukuma sahani.

"Umeniwekea nini humu?"

"Mchuzi, Mama."

"Mchuzi nauona. Nakuuliza umeniwekea nini."

Wifi akakiweka kijiko chini taratibu. Mume wangu aliendelea kutafuna, lakini polepole, kama mtu aliyesikia changarawe. Mimi nikaivuta ile sahani ya mama, nikaila yote mbele yao mpaka nikaramba vidole. Wala haikusaidia. "Anayeiweka sumu anajua pa kula," alisema mama, akaondoka mezani ameshika tumbo.

Kesho yake alinunua jiko dogo la mafuta akaliweka chumbani kwake. Sufuria lake, sahani yake, dumu lake la maji. Akawa anajipikia, na akaendelea kuumwa vilevile. Mtu mwingine angesema, basi, si mapishi ya mke wa mwanangu. Yeye alisema sumu ilishaingia zamani, sasa inamalizia kazi yake. Hoja ya namna hiyo huishindi hata ukiwa wakili.

Wifi naye akayatoa nje ya nyumba. Ukimpa wifi yangu neno asubuhi, jioni utalikuta limefika kabla yako. Lisemwalo lipo, wakasema watu, na kama halipo laja. Saluni, mteja niliyekuwa nikimsuka tangu kabla sijaolewa aliniomba ninawe mikono kwanza, huku akicheka kicheko cha aibu. Nikanawa. Kisha nikamsuka nywele zikakaza mpaka nyusi zikapanda, akatoka pale akiwa na uso wa mtu aliyeshangazwa na habari mbaya.

Hayo yote niliyamudu. Nisilolimudu ni hili: mume wangu naye akaanza kushiba kabla ya kula. Akirudi kazini, amekula kazini. Siku ya mapumziko, tumbo limemjaa. Mpaka siku moja nikapita mlangoni kwa mama yake nikamkuta amechuchumaa kando ya lile jiko dogo, anakula naye sahani moja. Aliniona, akajifuta mdomo kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Na wewe unaamini?" nilimwuliza tulipokuwa peke yetu.

"Sijasema naamini."

"Basi sema huamini."

"Unataka nigombane na mgonjwa?"

Nilichotaka ni sentensi moja tu, na sikuipata.

Hospitali ya kwanza walimwingiza kamera kwa nyuma, jambo ambalo alilisimulia banda zima kwa matusi ya kutosha. Wakasema utumbo mpana umevimba na una vidonda. Wakampa vidonge ambavyo, walisema, huwatuliza wengi wenye vidonda vya namna hiyo. Yeye hakutulia. Uso ulimvimba ukawa duara, damu ikazidi, maumivu yakazidi. "Mwaona?" aliwaambia wanawe. "Dawa na sumu zinapigana humu ndani, na mimi ndiye uwanja."

Halafu akaanguka bandani, utumbo wa ng'ombe ukiwa bado mkononi. Wenzake walimpakia kwenye lilelile toroli la matumbo wakamsukuma mpaka barabarani, na wanaapa kwamba njia nzima alikuwa akiwakemea hawajui kusukuma.

Hospitali kubwa tulikutana na daktari wa upasuaji, mwanamume mfupi, sauti kavu, mwenye tabia ya kuitazama saa ya ukutani mwenzake anapoongea. Mama alimbatiza Bwana Kisu hata kabla hajafungua mdomo. Wakampiga picha kwa mashine, na siku iliyofuata daktari akaja kitandani.

"Mama, damu inaingia kwenye utumbo wako, kutoka haitoki," alisema. "Mishipa ya kuipeleka ni mizima. Ile ya kuirudisha, kwa ninavyoona, kuta zake zimenenepa mpaka njia imeziba. Damu inatuama, utumbo unavimba, unakufa kidogo kidogo. Ni ugonjwa wa nadra sana. Mimi nimeuona mara moja tu, na hata huu wako sitauthibitisha mpaka nyama yenyewe ipimwe. Lakini vidonge havitauzibua. Tukate sehemu iliyoharibika. Tukichelewa utatoboka, na hapo siahidi kitu."

"Unasababishwa na nini?" aliuliza mama, macho yakiwa kwangu.

"Hakuna anayejua."

Kati ya majibu yote aliyokuwa nayo, alichagua hilo. Angesema uzee, angesema kazi nyingi, hata angesema maji ya bombani, mimi ningepumua. Mama alicheka kwa pua.

"Yupo anayejua," akasema.

"Mama, nitaje," nikamwambia. "Usizunguke mbuyu. Nitaje mbele ya daktari."

"Mimi naongea na Bwana Kisu. Wewe kinachokuwasha ni nini?"

"Kinaniwasha kwa sababu wewe ndiye unayekuna!"

"Mtagombana nje," alisema daktari. "Mama, unakatwa au hukatwi?"

"Sikatwi."

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akitusikiliza bila hata kujificha, akainua kichwa. "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," akasema. "Maisha yako yote unakata matumbo, leo zamu yako unaruka?" Nilimpenda mwanamke yule papo hapo. Mama alimwambia ashughulike na bandeji yake.

Akakataa siku ile, akakataa na iliyofuata. Wifi alilia. Mume wangu alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amegeuka rangi, midomo imepasuka, lakini kichwa kiko palepale. Mimi sikubembeleza. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwambia lililokuwa moyoni mwangu.

"Wewe kufa tu. Ukifa bila kukatwa, mimi ndiye nitakuwa nimekuua. Watu watasema hivyo mpaka siku nami nitakapozikwa. Si ndilo unalolitaka?"

"Wifi!" alipiga kelele binti yake. "Una moyo gani wewe?"

Mama alimnyamazisha kwa kidole. Alinikazia macho muda mrefu, yale macho anayomtazamia mtu anayetaka kumuuzia mzigo wa jana.

"Nitakatwa," akasema. "Ila utumbo wangu usitupwe. Nataka kuuona mwenyewe, kwa macho yangu na kwa mikono yangu. Nimeyasoma ya ng'ombe miaka yote hii, wangu utanishinda? Nikikuta alama ya sumu, huyu asilale tena nyumbani kwangu."

"Na usipokuta?" nikauliza.

"Nisipokuta nitasema sikukuta. Mimi siuzi kichafu nikakiita kisafi."

Nikamgeukia mume wangu. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema neno, na palikuwa wazi, hata lori lingepita. Alikuna shingo.

"Sawa," akasema. "Tusubiri tuone."

Tusubiri tuone! Kama mtu anayebonyeza papai. Ndoa yangu ikatiwa kwenye ndoo moja na utumbo wa mama yake, na yeye akaona ni mpango mzuri. Nilihisi hasira ambayo sikujua niiweke wapi, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi.

Daktari alisema si kawaida, kwamba kipande huenda maabara. "Basi nipelekeni huko maabara," alijibu mama. Daktari akatazama saa. Akasema ataletwa kwa kiti cha magurudumu, atavaa glavu, na hatamtukana mtu. Mama akasema mawili ya kwanza anaahidi.

Siku ya kumpasua tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wifi ncha hii, mimi ncha ile, mume wangu katikati akiwa na nafasi tupu kulia na kushoto kwake. Halafu wifi akashindwa kujizuia.

"Mama akifia mle ndani, nitajua la kufanya."

"Utafanya kile unachokijua," nikamjibu. "Utakwenda kusimulia."

"Jamani," alisema mume wangu. "Jamani." Huo ndio uliokuwa mchango wake.

Daktari alitoka amevua kofia, nywele zimemlala kwa jasho. Alisema wamekata upande wa kushoto wote ulioharibika. Utumbo uliobaki wameutoa mdomo wake juu ya ngozi ya tumbo kwa muda, ili choo kitokee kwenye mfuko mpaka ndani papone, baadaye ataunganishwa. Akaenda zake kabla hatujamshukuru.

Huo mfuko ndio uliotuonyesha sisi ni akina nani. Nesi alimwita wifi amfundishe namna ya kuumwaga, kuosha ngozi na kubandika mwingine. Wifi alisogea, akaangalia, akakimbilia sinki. Akajaribu tena baadaye akiwa ameziba pua, akakimbilia sinki tena. Mume wangu alikuwa na simu ya kupiga. Nesi akanigeukia. "Wewe je?" Mimi nimeosha vichwa vya watu nisiowajua, vyenye mba, vidonda na gundi ya nywele za bandia. Nikavaa glavu.

"Futa kuanzia nje uje ndani," aliamuru mama, sauti bado ya dawa ya usingizi. "Taratibu! Unafuta kama unaogopa kitakung'ata."

"Nyamaza, Mama, ukiongea tumbo linatikisika."

"Suuza mara mbili."

"Nimesuuza."

"Suuza tena. Hujui kuosha wewe."

Ikawa hivyo kila siku. Chakula kutoka mkononi mwangu hakugusa, hata chai. Alikula cha hospitali na alicholeta binti yake. Lakini sehemu ya mwili wake ambayo mtu yeyote angeionea aibu aliniachia mimi, nami niliishika, na hapana aliyelisemea hilo. Tusidanganyane kwamba tulipatana. Damu ilikoma, maumivu yale ya zamani yakaisha, rangi ikamrudia, na kadiri alivyopona ndivyo matusi yalivyopata nguvu. Wodi nzima ilijua napika vibaya.

Majibu yalipokuwa tayari, daktari alitimiza ahadi. Mimi ndiye niliyesukuma kiti, daktari mbele, wifi na mume wangu nyuma. Maabara kilikuwa chumba kidogo chenye feni mbovu na harufu kali ya dawa, ya kuchoma macho. Dada mwenye miwani, mpimaji wa pale, alifunua chombo cha plastiki akautoa utumbo akauweka kwenye trei ya bati. Ulikuwa umepasuliwa kwa urefu ukakunjuliwa, mnene, wa rangi ya udongo.

"Mmeupika?" aliuliza mama.

"Dawa ya kuhifadhi ndiyo hukaza nyama," alisema yule dada. Akaeleza kwamba ameupima kwa hadubini na kwamba ni kweli, ni ule ugonjwa wa mishipa aliouhisi daktari. Akautaja jina.

"Jina refu kuliko utumbo wenyewe," alisema mama. "Lete hapa."

Akavaa glavu, akaivuta trei mapajani. Niliogopa. Naandika waziwazi: mimi, mwanamke mzima ninayejua nilichokipika na nisichokipika, nilisimama pale nikiogopa kipande cha nyama. Maana mama hakuwa anaigiza. Vidole vyake vilikwenda upande wa ndani kama vilivyozoea, inchi kwa inchi, vikibonyeza, vikisimama, vikiendelea. Vikafika mahali pabaya. Ngozi ya ndani ilikuwa imeliwa, mashimo mashimo.

"Hivi ni vidonda," akasema.

Wifi akaguna. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, akaniangalia, na sikupenda alivyoniangalia.

"Vidonda vipo," alisema daktari. "Ni vya nyama iliyokosa damu safi. Ugeuze, Mama. Ugonjwa hauko ndani. Uko huku nje, kwenye mafuta."

"Mafuta haya?"

"Hayo hayo. Mishipa inapita humo."

Mama aliyafinya yale mafuta. "Haya mimi huyachuna nikayatupa," akasema.

Miaka yote ile bandani, kitu cha kwanza anachofanya ni kuuchuna utumbo mafuta yake ya nje kwa mpigo mmoja na kuyatupia ndoo ya mbwa, ndipo asome ndani. Hakuwahi kuyatazama hata siku moja. Wenzake wananiambia siku hizi amerudi mezani, na kabla ya kuyatupa huyapapasa kwanza.

Daktari akamwonyesha mwisho mmoja, pale walipokata kwenye sehemu nzima: mshipa ulikuwa na tundu wazi, ukiubonyeza unakubali. Akamwonyesha katikati, penye vidonda: mshipa uleule, umenenepa, tundu limekwisha. Mama akabonyeza kule, akabonyeza huku, akarudi kule. Dawa ilikuwa imekaza pote, lakini tofauti aliipata.

"Kamba," akasema polepole. "Humu ndani ya mafuta kumekuwa kamba." Akamtazama daktari. "Chakula hupita huku?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Huku ni damu tu, inarudi."

Alivua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya trei. Akawageukia wanawe, si mimi.

"Hamna kitu," alisema. "Hakunilisha kitu. Ugonjwa umetokea upande ambao sahani haifiki. Mchuzi wake ni maji matupu na wali wake ni uji, lakini haukunikata utumbo. Nilimsingizia." Akamnyooshea binti yake kidole. "Na wewe uliyeyatembeza, utayarudisha hukohuko ulikoyapeleka, nyumba kwa nyumba. Nikipona nitapita nyuma yako niulize."

Wifi aliinamisha kichwa. Msamaha sikuombwa. Mama alijiegemeza kwenye kiti akafumba macho.

"Sukuma, wewe," akaniambia. "Hapa pananuka."

Nikamrudisha wodini, nikamlaza, nikatoka ukumbini kupata hewa. Mume wangu akanifuata. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ile ya mchuzi.

"Mke wangu, umemsikia? Yamekwisha." Akanishika bega. "Leo nakula nyumbani. Pika chochote."

Nikautoa mkono wake.

"Mama yako alinishuku akitokwa damu," nikamwambia. "Wewe ulikuwa unaumwa wapi?"

Tabasamu likamwisha. Alitazama chini, akatazama mlango wa wodi, akakuna shingo.

"Sasa ulitaka niseme nini? Yule si mama yangu?"

"Nilitaka useme alilolisema yeye leo. Ila uliseme siku ile, utumbo wake ukiwa bado tumboni."

Kutoka ndani mama akapaza sauti, na hakumwita mwanawe wala binti yake.

"Wewe! Mfuko umejaa huku!"

Nikaingia, nikavaa glavu, nikaubadilisha, nikasuuza mara mbili. Nyumbani kwao sikurudi tena.